Kishikio cha Hendibreki ya Mama Rogath

Mtaa wa Narung'ombe asubuhi hauna adabu. Mkokoteni unakupigia kelele utadhani wewe ndiye uliyeijenga barabara nyembamba, bodaboda inapita mahali ambapo hata paka angesita, na muuza soksi ameshaweka meza yake juu ya mguu wako kabla hujamaliza kusema samahani. Sasa katikati ya vurugu hiyo weka pikapu kuukuu ya bluu iliyogoma kusogea. Imeziba nusu ya njia, na mgongoni imebeba ndoo za plastiki zilizopangwa mpaka zimepita paa. Nyuma ya usukani amekaa mwanamke wa makamo, ameshika kipande cha plastiki nyeusi, anakitazama tu.

“Mama, umepaki au umejenga?” mpagazi mmoja akamuuliza.

Watu wakaangua kicheko. Ndiyo Kariakoo hiyo, watu hucheka kwanza, msaada unakuja baadaye. Siku nyingine mama huyo angemjibu mpagazi jibu la kumfanya asahau mzigo wake. Siku hiyo aliendelea kukigeuza kile kipande mkononi.

Jina lake ni Mektilda, ila jina hilo wanalijua padri na watu wa hospitali. Mtaani ni Mama Rogath, muuza ndoo, beseni na majagi kwa jumla. Ukinunua kwake mzigo wa maana anakuletea mpaka mlangoni, na anayekuletea ni yeye mwenyewe, kanga kiunoni, pikapu inanguruma. Alikuja Dar kutoka Kibosho akiwa bibi harusi, akaikuta pikapu hiyo kwa mumewe. Mume ndiye aliyemfundisha kuendesha, Jumapili baada ya misa, kwenye viwanja vya Jangwani. Walikwenda kiangazi tu, maana masika Jangwani huendeshi gari, unaendesha mtumbwi. Na mwalimu alikuwa mkali huyo, acha! Kila mwanafunzi alipozima gari aliambiwa ashuke aliombe radhi. Mektilda akashuka, akaliomba radhi gari mbele ya vijana waliokuwa wakicheza mpira, mpaka siku moja akapanda gia zote bila kuzima, na mume akashuka kwa furaha akawasalimia vijana wote kwa mkono.

Mume alipofariki watu walitegemea mjane aajiri dereva. Akawaambia dereva wa kuajiriwa anakula mafuta kuliko gari lenyewe. Akaingia barabarani. Miaka ikaenda, mtoto wao Rogath akasoma mpaka akapata kazi Mwanza, na mama yake bado yuko kwenye usukani.

Halafu mwaka jana kiharusi kikamgusa. Mwenyewe hupenda kusema kilimgusa, hakikumpiga. Haya, lakini mguso huo ulimlaza chini dukani kwake katikati ya mabeseni, na aliyemwokota ni shemeji yake Leodegar, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la sufuria mlango wa tatu. Leodegar alimbeba mikononi mpaka kwenye bajaji, akafika naye hospitali na kiatu kimoja, kingine kimebaki njiani na hakujua kilitoka saa ngapi. Mektilda akapona mdomo, akapona mguu. Mkono wa kushoto ndio ulibaki nyuma. Na kwenye magari yetu mkono wa kushoto ndio wa gia, ndio wa hendibreki.

Hospitali walimpa kimpira cha kuminya. Rafiki yake Hamdiya, Mwarabu wa Mchafukoge anayeuza vipuri pale Gerezani, alipokiona akakibeza. “Mpira unaminya upate nini? Kuna nini ndani yake? Kamua nazi, shoga, angalau jioni utakula wali.” Basi Mchaga wa watu, ambaye tangu azaliwe chakula chake ni ndizi na nyama, akaanza kukamua tui kila siku ya Mungu. Vidole vikaamka kimoja kimoja. Akaweza kufunga kanga, akaweza kusuka ukili, mwisho akaweza kuingiza gia. Siku aliporudi barabarani alipiga honi kuanzia Msimbazi mpaka dukani kwake.

Ila nyumbani hawakupiga vigelegele. Desemba, Wachaga walipopanda kwao wote kama desturi, ukoo ukakaa kikao. Rogath akasema gari liuzwe. Leodegar akasema aajiriwe dereva. Mektilda akasimama mbele ya wazee akasema: “Siku mkono huu utakaponishinda ndani ya gari, sitangoja kikao kingine. Siku hiyo hiyo nitamkabidhi Leodegar funguo, na kiti cha dereva sitakipanda tena.” Wazee wakaitikia, kata ya mbege, pombe yao ya ndizi, ikazunguka. Kule kwao, neno ulilolishushia mbege mbele ya wazee haliwezi kurudi kooni.

Sasa hebu tuongee habari ya hendibreki, maana wengine mtashangaa kishikio cha plastiki kimemtoaje mtu mzima machozi.

Tuambizane ukweli. Bongo hendibreki ni pambo. Nani anaitumia? Dereva akifika anaweka gia, anashuka, anasukuma jiwe nyuma ya tairi, anakwenda zake kunywa chai. Kila gari la mzigo lina jiwe lake, na mtu akikuibia jiwe lako zuri unanuna siku nzima. Hivyo ndivyo alivyofundisha marehemu, hivyo ndivyo alivyofuata mkewe. Asubuhi hiyo akapaki kidogo mbele ya mteja mmoja kabla ya kupeleka mzigo, akaweka gia, akashuka na jiwe lake. Mara trafiki akatokea, msichana mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka inakata.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, mawe haya mnayaacha barabarani, bodaboda zinaanguka. Gari lako halina hendibreki?”

“Linayo.”

“Basi toa jiwe, vuta hendibreki nione.”

Kwa kweli binti hakukosea, na Mektilda hakuwa mtu wa kubishana na sheria. Akatupa jiwe nyuma kwenye bodi la mizigo, akapanda. Kwenye pikapu hizi za zamani hendibreki haiko kati ya viti. Iko chini ya dashibodi, fimbo ya chuma yenye kishikio cha plastiki mwishoni. Ukitaka kufunga unaivuta kwako. Ukitaka kuachia unakizungusha kishikio kidogo, kisha unairudisha fimbo ndani. Mektilda akavuta kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Ikalalamika, ikaja. Trafiki akashukuru, akaenda zake.

Kazi ikawa kuondoka. Akawasha gari, akashika kishikio kwa mkono wa kushoto, akazungusha. Kimya. Akakaza meno, akazungusha tena. Kra! Nusu ya kishikio ikabaki kwenye fimbo, nusu ikabaki kiganjani. Gari limefungwa, halisogei mbele wala nyuma.

Daktari alikuwa amemwambia kitu, na kitu hicho ndicho kilichomjia kichwani pale pale. Alimwambia mkono uliopata kiharusi unaweza kurudisha nguvu usirudishe kipimo. Utashika yai kama unashika jiwe. Alizungushaje? Alipinda? Alikaza upande ambao si wenyewe? Hakujua, na huko kutokujua ndiko kulikomwogopesha. Leo ni kishikio cha plastiki, kesho ni usukani, na mbele ya usukani amesimama mtoto wa mtu.

“Umenishinda,” akauambia mkono.

Kariakoo habari hazitembei, zinaruka. Kabla mpagazi hajamaliza kuwasimulia wenzake, Leodegar alikuwa dirishani, jasho linamtoka, mfuko wa shati umejaa risiti na kalamu.

“Pole, shemeji. Hujaumia?”

“Sijaumia.” Akamwonyesha kile kipande. “Mkono, Leodegar.”

Leodegar akakiangalia, akaangalia chini. Si kwamba alifurahi. Mtu aliyekuwepo pale angeona alivyokosa pa kuweka mikono yake. “Neno lako la Desemba…” akaanza.

“Nalikumbuka. Mimi ndiye niliyelisema, usinikumbushe.” Kisha akalegeza sauti. “Lakini siwezi kukukabidhi gari bovu. Nilipewa likiwa zima. Nitalitengeneza, ukiliona limesogea, utachukua funguo.”

“Shemeji, mimi nitamwita fundi, wewe nenda kapumzike.”

“Mpaka litoke hapa, gari ni langu.”

Walimwita Twaha, fundi wa pale Gerezani, kijana wa miraba minne ambaye ukimpa mkono wa salamu unahesabu vidole ukirudishiwa. Twaha akainamisha kichwa chini ya dashibodi, akatoka anatabasamu.

“Shikamoo mama. Hii ndogo tu. Pini natoa, kishikio kingine naingiza, chap chap unaondoka. Kalete kishikio.”

Akaenda mwenyewe kwa miguu. Leodegar alitaka kumtuma kuli, akakataa. Alipita katikati ya mitumba na spika za wauza dawa za panya, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya kanga kama kitu alichoiba.

Duka la Hamdiya ni jembamba, limening'inizwa vitu mpaka darini: shokamzoba, taa za nyuma, vioo vya pembeni vya magari yaliyokwisha kusahaulika. Hamdiya mwenyewe hukaa mlangoni na buibui lake na birika la kahawa, na hakuna kipuri asichojua kimelala wapi.

“Karibu, Mama Rogath! Leo umekuja kwa miguu, gari umelipa likizo?”

“Nataka kishikio cha hendibreki, Hamdiya. Cha pikapu yangu.”

“Cha nini?” Hamdiya akaweka kikombe chini. “Hendibreki! Wallahi tangu baba yangu aniachie duka hili sijawahi kuulizwa. Honi wananunua, redio wananunua, hata kidude cha kunukisha gari wananunua. Hendibreki? Ngoja.” Akapanda kigoda, akapekua ndoo moja ya juu, akashuka na vishikio viwili vilivyojaa vumbi. “Vilikuja na mzigo, vikakaa. Nilikuwa nafikiria kuvitupa. Nipe hicho cha zamani nifananishe.”

Akakipokea kile kipande, akakigeuza. “Yarabi, nani kavunja hivi? Mmepiga nyundo?”

Mektilda akafungua mdomo ajibu, machozi yakatangulia. Alilia pale pale katikati ya mashokamzoba, mwanamke ambaye msibani kwa mumewe ndiye aliyekuwa akiwagawia watu maji. Akaeleza yote, mkono, neno, mbege, Leodegar anayengoja. Hamdiya alimsikiliza bila utani, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

“Mimi habari za mbege sizijui,” akasema mwishowe. “Lakini nazi najua. Jana ulikamua mbili mbele yangu, machicha yakabaki makavu kama unga wa mbao. Nenda katengeneze gari lako. La mbele lina Mungu.”

Mektilda akarudi na kishikio kimoja. Kingine Hamdiya alikirudisha kwenye ndoo.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akiliaga gari. Hakutaka, lakini moyo ukishaanza kuaga hauzuiliki. Aliwaza nani atamletea ndoo yule mama wa Upanga asiyetaka mzigo ushushwe kabla hajamaliza kusimulia habari za wajukuu zake. Dereva wa kuajiriwa atakuwa na muda wa kumsikiliza? Aliwaza kukaa dukani toka asubuhi mpaka jioni, anasubiri kuambiwa mzigo umefika au haujafika. Hapakuwa na ubaya wowote katika maisha hayo. Wengi wanayaishi. Yeye hakuyataka.

Alipofika, wapagazi walishazoea, gari limekuwa sehemu ya mtaa. Muuza soksi alikuwa ametundika pea kadhaa kwenye kioo cha pembeni. Leodegar alikuwa ameegemea boneti, anapangusa kipara. Twaha akapokea kishikio, akajikunja chini ya dashibodi, akaitoa pini kwa msumari na nyundo, akang'oa mabaki, akaingiza kipya, akarudisha pini. Alifanya haraka na vizuri, kama alivyosema.

“Mama ona sasa,” akasema, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akashika kishikio kwa ule mkono wake mnene. Akazungusha.

Hakikuzunguka.

“Kigumu kidogo,” Twaha akasema. Akajiweka sawa, akakanyaga chini, akashika kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo ikamsimama.

Kra!

Mtaa wote ukasikia. Twaha akabaki ameshika nusu ya kishikio, macho yamemtoka, kijana mzima amekuwa mdogo ghafla. “Mama… mama samahani. Sijui imekuwaje. Nitakulipa, haki ya Mungu nitakulipa.”

Mektilda alikiangalia kile kipande. Kisha akatoa chake kwenye pindo la kanga, akaviweka vyote viwili kwenye kiganja. Vimevunjika mahali pamoja. Vimevunjika vilevile. Kama ndugu!

Kigelegele alichopiga mama yule kilisimamisha mikokoteni. Watu wakageuka kuangalia bibi harusi yuko wapi. Akamrukia Twaha akamkumbatia palepale kwenye kiti, na grisi zake zote.

“Umevunja! Twaha mwanangu, umevunja! Mungu akupe mke mwema!”

“Mama, nimesema samahani…”

“Samahani ya nini? Umevunja!” Akamgeukia Leodegar, analia na kucheka kwa pamoja. “Shemeji, njoo. Njoo umtazame huyu kijana. Tazama mkono huu. Haya niambie, na huyu naye ana kiharusi?”

Leodegar akatazama mkono wa Twaha. Akatazama vipande viwili.

“Basi tatizo si kishikio,” Twaha akasema, akiwa ameanza kupata akili zake. Akateremka, safari hii na tochi, akalala chali chini ya dashibodi. Wakamsikia anaguna. “Aisee! Mama, hendibreki hii mara ya mwisho iliguswa lini?”

“Leo asubuhi.”

“Kabla ya leo?”

Mektilda akafikiri. Akamwangalia Leodegar, Leodegar akamwangalia yeye. Hakuna aliyewahi kumwona marehemu akiigusa.

“Ndiyo hivyo. Grisi imekauka imekuwa gundi, juu yake kutu. Fimbo imeshikana na bomba lake. Kuvuta ilikubali, kuzunguka haitaki. Hapa hata aje nani anavunja tu. Gari linawekewa jiwe miaka yote, hendibreki inaozea ndani.” Akatoa kichwa. “Hata langu, ukweli usifichwe. Nalo lina jiwe.”

Leodegar akakohoa. Canter yake, lori dogo la kubebea sufuria, ilikuwa imepaki nyuma ya mtaa, na kila mtu pale alijua imeegemea nini.

Twaha akamimina mafuta ya taa kwenye ile fimbo, akaomba wayaache yapenye. Jiwe likateremshwa tena kutoka kwenye bodi, likawekwa nyuma ya tairi, maana hendibreki ikiachia ghafla gari lisije likamkimbilia muuza soksi. Mektilda akampigia simu Hamdiya amletee kishikio cha pili. Halafu hapakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe, wakanywa, shemeji wawili wamekaa kwenye ukingo wa baraza na kashata katikati yao.

Leodegar ndiye aliyeanza. “Unajua, si kwamba nalitaka gari.”

“Najua.”

“Ninaogopa, Mama Rogath. Kila nikisikia injini yako inawaka, naiona ile siku. Naona mabeseni, naona wewe chini. Nilidhani nimekupoteza kama nilivyompoteza kaka.” Alisema akiangalia kikombe, maana mwanaume wa kwao maneno kama hayo hayasemi akimwangalia mtu usoni. “Usiku huwa nakuja mpaka mlangoni kwako kuangalia kama taa umezima.”

Mektilda hakujua habari hiyo ya taa.

“Na mimi naogopa,” akasema. “Asubuhi kilipovunjika niliogopa mpaka nikasahau kutukana. Lakini nikikaa nyumbani nitaogopa zaidi, shemeji. Nitakaa nausikiliza mwili tu, hapa panauma, hapa panawasha. Nikiwa njiani nasahau.”

Leodegar akamega nusu ya kashata yake, akampa. Walikuwa bado wanatafuna Hamdiya alipotokea, amekuja mwenyewe, buibui limeokota vumbi lote la Gerezani, kishikio amekishika juu.

“Nimefunga duka nije nione kwa macho yangu,” akatangaza. “Fundi yuko wapi? Mwanangu, cha tatu sina, Dar nzima hakipo. Hiki ukishike kama yai.”

Twaha akacheka kwa aibu. Akarudi chini, akagonga fimbo taratibu kwa nyundo ndogo, akaizungusha kwa koleo unywele kwa unywele, akamimina tena, akagonga tena. Mara, ndani ya gari kukasikika mlio wa kitu kuachia, na pikapu nzima ikashuka nyuma ikakaa kwenye jiwe lake kama mtu aliyetua mzigo. Watu wakashangilia. Wapagazi wale wale! Twaha akaichomoa fimbo, akaipiga msasa mpaka ikang'aa, akaipaka grisi mpya, akairudisha, akafunga kishikio. Kisha akasimama kando, mikono nyuma.

“Mimi sigusi tena. Mama, wewe.”

Mtaa ukanyamaza kidogo, kadiri Kariakoo inavyoweza kunyamaza. Mektilda akapanda. Akaweka mkono wa kushoto kwenye kishikio, na mkono ukatetemeka, kidole gumba kikachelewa kama kawaida yake. Kila mtu aliona. Leodegar aliona zaidi ya wote. Akavuta. Ikaja kwa mlio safi wa meno yake ya chuma. Akazungusha. Kishikio kikageuka laini, bila kelele, bila ubishi, fimbo ikarudi nyumbani kwake. Akarudia mara ya pili, kwa raha tu.

“Mkono unatetemeka,” Leodegar akasema, si kwa ubaya.

“Unatetemeka, ndiyo. Nani kasema umepona?” Mektilda akamgeukia, macho makavu sasa. “Neno langu liko palepale, silifuti. Siku ukinishinda nitakuambia mimi, kwa mdomo wangu, kabla hujaniuliza. Msingoje kishikio cha plastiki kiwaambie habari zangu.”

Leodegar akaangalia zile ndoo zilizopita paa. Akaangalia duka lake, ambako wateja walikuwa wakichungulia wakiitafuta sura yake. “Mzigo huu unakwenda wapi?”

“Magomeni.”

“Nakusindikiza.”

Muuza soksi akaondoa soksi zake kwenye kioo. Leodegar akapanda upande wa abiria, akashika dashibodi kwa mikono miwili hata gari halijawashwa, na Hamdiya akamwambia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba dashibodi hiyo ni ya zamani, akiivunja spea hana. Wakaondoka. Walitoka Msimbazi, wakaingia barabara ya Morogoro, wakateremka Jangwani. Kila gia ilipobadilishwa Leodegar alivuta pumzi, kila bodaboda ilipokatiza alikanyaga breki ambayo upande wake haipo. Gia ya tatu ilimpa taabu, kama siku zote, akaisaidia kwa kuegemeza kiwiko.

Kwenye kimlima cha kutoka bondeni kuelekea Magomeni, foleni ikasimama kabisa. Mbele lori, nyuma gari dogo jipya limemkaribia kama linataka kumnusa. Hapo ndipo siku zote alipokuwa akiteseka, mguu mmoja breki, mwingine klachi, moyo mkononi asije akarudi nyuma. Safari hii akavuta hendibreki, akaachia miguu. Pikapu ikakaa kimya mlimani na ndoo zake zote. Loo, kumbe raha namna hii ilikuwa inaozea chini ya dashibodi miaka yote, watu wanabeba mawe! Akacheka peke yake. Akageuka amwambie shemeji.

Leodegar alikuwa amelala. Mikono ilishateleza kutoka kwenye dashibodi, imelegea mapajani, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, anakoroma taratibu katikati ya honi za Jangwani. Mektilda alimtazama mtu huyo aliyekuwa akija mlangoni kwake usiku kuangalia taa, na furaha iliyompanda kifuani ilikuwa kubwa kuliko ile ya kigelegele. Mtu hasinzii kando ya dereva anayemwogopa. Lori la mbele likasogea. Akaweka gia, akazungusha kishikio polepole ili fimbo isilie, akaondoka bila kumwamsha.